Ukiziba tundu utajenga ukuta

Methali isemayo usipoziba ufa utajenga ukuta haikuzaliwa porini. Ni methali ya watu wa nyumba za mawe. Aliyeisema kwanza, Mwenyezi Mungu amrehemu, bila shaka alikaa katika nyumba ya matumbawe na chokaa, dari yake boriti, na alikwisha kuona kwa macho yake jinsi mvua ya masika inavyopenya katika ufa usiotosha kupitisha sindano, ikailainisha chokaa ndani kwa ndani, hata siku moja jiwe likachomoka na wenziwe wakalifuata. Kwetu Mvita, Amu na Unguja, basi, ufa ni adui, na tundu ni nduguye ufa. Mwenye nyumba akiliona halali.

Ama huko Kericho na Bomet, katika nchi ya chai, nimeikuta methali hii imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Ziko kuta huko ambazo fundi huzijenga na matundu kwa makusudi, safu kwa safu, na anayeyaziba ndiye atakayejenga upya. Si mzaha wala si kitendawili. Ni jambo la watu kulala salama au kutoamka.

Lugha yetu haikosi majina ya kuta. Tuna ukuta wenyewe wa mawe, tuna kiambaza cha udongo na fito, tuna kitalu kinachozunguka shamba, tuna ua na tuna boma. Lakini tazama, msomaji, hizi zote kazi yake ni moja: kutenga. Upande huu hewa, upande ule hewa, na ukuta katikati umesimama kwa nafsi yake. Ukuta ninaousema mimi upande wake mmoja ni hewa na upande wa pili ni mlima, na mlima huo umeuegemea usiku na mchana. Wahandisi huuita ukuta wa kuzuia udongo. Ni jina sahihi, ila halisemi taabu ya ukuta wenyewe. Mimi katika makala haya nitauita ukuta wa kuegemewa, kwani kuegemea ni starehe na kuegemewa ni kazi.

Mji wa Kericho uko juu ya usawa wa bahari kwa kiasi cha mita 2,000. Mvua yake kwa mwaka ni kama milimita 1,800 hadi 2,000, pengine na zaidi, ilhali Mombasa hupata kiasi cha 1,000 na kidogo. Tena haiji kwa msimu ikaaga kama masika na vuli zetu. Huko hunyesha karibu kila mwezi, na mara nyingi ni alasiri, wingu likija kutoka upande wa ziwa Viktoria, na mvua ya mawe imo ndani yake. Ndiyo sababu kampuni za Kiingereza zilikimbilia huko katika miaka ya 1920 kupanda mashamba makubwa ya chai, na ndiyo sababu majani yale hupandwa huko lakini hupigwa mnada kwetu Mombasa kila wiki. Tunayoinywa asubuhi na mahamri ni mvua ile ile.

Chai yenyewe ni mlinzi mwema wa ardhi. Michai ikikomaa hukutana mabega kwa mabega, ikaufunika mlima kama mkeka wa kijani, tone la mvua likaangukia jani kabla halijaugusa udongo. Balaa huanza pale jembe au tingatinga linapoukata mlima kupata pahala pa barabara, pa kiwanda au pa nyumba. Udongo wa huko ni mwekundu, mzito, wenye kina kirefu, asili yake mawe ya volkeno. Ukikatwa wakati wa jua husimama wima kama mkate uliokatwa kwa kisu kikali, mita 3, hata 4, na unaweza kukaa hivyo miaka. Hapo ndipo unapowahadaa watu. Mtu huona ardhi imesimama peke yake, akasema, ikiwa imesimama bila ukuta, basi ukuta wowote utatosha.

Mpwa wangu ni mmoja wa hao. Kazi ya malori ya chai ilimpeleka Kericho na mapenzi yakamweka huko. Amenunua kiwanja mteremkoni, ameukata mlima nyuma ya nyumba, na dirisha la chumba wanacholala watoto wake watatu linatazama ule mkato wa mita 4 kwa umbali wa hatua sita. Nilipofika kwake alikuwa amekwisha kupiga hesabu: ukuta mmoja wa mawe na simiti, mita 4 kwenda juu, unene futi moja na nusu, na uwanja utakaobaki ajenge vyumba viwili vya kupangisha.

"Mjomba," akaniambia, "Mombasa kuna nyumba za ghorofa kuta zake ni nyembamba kuliko huo, na zimesimama."

Fundi aliyemwita ni mzee wa Kipsigis mwenye miaka sabini na kitu, aliyejifunza kazi ya mawe ujanani katika mashamba ya chai. Yeye hakubishana. Aliomba ubao, akausimamisha na kuukaza kwa vigingi viwili vyembamba, akarundika udongo mkavu nyuma yake. Ubao ukasimama. Kisha akaitisha debe la maji, akalimimina juu ya udongo taratibu, kama anayenywesha mche. Debe halijafika nusu, ubao ukalala kifudifudi na tope likamwagika juu ya viatu vya mpwa wangu.

"Nyumba ya Mombasa inabeba," mzee akasema. "Hii inasukumwa. Si kazi moja, bwana."

Mahesabu ya jambo hilo yako tangu zamani. Mfaransa mmoja, Charles-Augustin de Coulomb, ambaye wanafunzi wa leo wanamjua kwa ajili ya umeme, kwanza alikuwa mhandisi wa jeshi. Mwaka 1764 alipelekwa kisiwa cha Martinique kusimamia ujenzi wa ngome, akakaa huko miaka minane, maradhi yakimwandama. Aliporudi kwao aliandika risala juu ya nguvu ya udongo unaosukuma kuta, akaisoma mbele ya wanachuoni wa Paris mwaka 1773, ikapigwa chapa mwaka 1776. Mpaka leo wahandisi huanzia hapo.

Nitayatoa mahesabu hayo kwa magunia, tuelewane. Tuchukue udongo wa kawaida usio na maji, uliolala sawa juu ya ukuta. Ukuta wa mita 1 kwenda juu husukumwa, katika kila mita moja ya urefu wake, kwa nguvu ya kiasi cha kilo 300, yaani magunia matatu makubwa. Sasa uongeze ukuta uwe mita 2. Mtu wa kawaida atasema magunia sita. La, ni kumi na mawili. Ukiwa mita 3 ni tani 2.7. Ukiwa mita 4 ni karibu tani 5. Ukiwa mita 6 ni karibu tani 11. Kimo kikizidi mara mbili, msukumo huzidi mara nne, na ile nguvu ya kuupindua ukuta uanguke kifudifudi huzidi mara nane, kwa kuwa msukumo umeongezeka na pia umepanda juu zaidi, pale unapoweza kuupindua kwa wepesi. Hizo ni hesabu za udongo mkavu. Maji yakijaa nyuma ya ukuta ule wa mita 3 mpaka juu, yakakosa pa kutokea, tani 2.7 hugeuka kuwa karibu tani 6. Mlima haukuongezeka hata koleo moja. Ni mvua ya siku mbili imekaa mahali pake ikingoja.

Basi hapo ndipo faida ya matundu inapoonekana, na ndipo aina za kuta zinapoachana.

Ukuta wa kale kabisa ni wa mawe makavu, yaani jiwe juu ya jiwe bila simiti wala chokaa. Wengi huudharau wakidhani ni wa kimaskini. Lakini ukuta huu wote ni matundu. Maji hayawezi kujaa nyuma yake hata yakitaka, na udongo ukitulia kidogo mawe nayo hutulia pamoja nao bila kupasuka. Kusini mwa Ethiopia, Wakonso wamejenga matuta ya mawe makavu katika milima yao kwa zaidi ya miaka 400, mengine yafika kimo cha mita 5, na UNESCO iliyatia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011. Nchini Kenya, upande wa Migori, kuna Thimlich Ohinga, boma la mawe makavu lenye kuta zinazozidi kimo cha mrefu wetu yeyote, nalo liliingia katika orodha hiyo mwaka 2018. Ila Thimlich Ohinga ni ukuta wa kutenga, haukuegemewa na kitu, kwa hiyo asije mtu akaupima ukuta wa mlima kwa huo. Kwa fundi wa kawaida nyumbani kwake, mawe makavu yasipite mita 1 au 1 na nusu. Wakonso wamepita hapo kwa sababu wanaurithi ufundi huo kizazi kwa kizazi na hawaachi kuutengeneza.

Wa pili ni ule aliokuwa akiutaka mpwa wangu, wa mawe na simiti. Nguvu ya ukuta huu ni uzito wake tu. Ni kama mtu mnene aliyekaa mlangoni, humwondoi kwa kumsukuma kwa kuwa ni mzito na amekaa kitako. Kitako hicho ndicho jambo lenyewe. Kanuni ya mafundi ni kwamba upana wa chini uwe kiasi cha nusu ya kimo mpaka thuluthi mbili. Ukuta wa mita 4, basi, hutaka kitako cha mita 2 na zaidi. Mpwa wangu alikuwa na futi moja na nusu, haifiki hata nusu mita. Na kwa kuwa mawe huongezeka upesi kuliko kimo, ukuta wa namna hii ukipita mita 3 huanza kumla mwenyewe fedha bila huruma. Jiwe la huko ni jeusi, gumu, zito sana likilinganishwa na matumbawe yetu, na hapo watu wa Kericho wametuzidi, kwani katika ukuta wa uzito jiwe jepesi si jiwe.

Uso wa ukuta huo nao hulazwa kidogo kuelekea mlimani. Fundi wa pwani aliyelelewa na timazi akiuona atasema umepinda. Lakini na aende Fort Jesus, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, azitazame kuta zake kwa ubavuni. Nazo zimelala hivyo hivyo, na chini kabisa baadhi yake si ukuta bali ni mwamba uliochongwa.

Gabioni ni mtoto wa mawe makavu aliyevaa nguo za waya. Jina lake asili yake ni Kitaliano, maana yake kizimba kikubwa. Ni sanduku la waya uliosukwa, kwa kawaida mita 2 kwa 1 kwa 1, linalojazwa mawe pale pale panapojengwa, na likijaa huwa na uzito unaozidi tani 3. Utaziona katika njia za Bomet na Sotik kwenye madaraja na kingo za mito. Nimezipenda kwa sababu hazina kiburi. Ardhi ikisogea nazo hunyumbulika, zikavimba tumbo kidogo, zikaendelea na kazi, na mwenye macho akapata onyo kabla ya msiba. Maji hupita kama hakuna ukuta. Katika lugha yetu tundu ni pahala palipotoboka, na tundu pia ni kizimba cha kuku. Gabioni ni tundu kwa maana zote mbili. Zikipangwa kwa ngazi na kuhesabiwa na mhandisi hufika mita 5 au 6. Udhaifu wake ni waya. Kutu huula, na wako watu ambao wakiona waya mzuri hawauoni ukuta bali huona banda la kuku wao.

Kisha kuna ukuta wa zege la nondo. Huu ni mwembamba, nao una hila. Ukiukata na kuutazama ubavuni una umbo la herufi L: bamba la kusimama na bamba la kulala lililoingia chini ya udongo wa nyuma. Udongo unaousukuma ukuta ndio huo huo unaokanyaga lile bamba la chini na kulikandamiza lisinyanyuke. Yaani adui ameajiriwa kuwa mlinzi. Kwa njia hii ukuta hufika mita 6, na ukitiwa mbavu kwa nyuma hupita hapo. Lakini una sharti ambalo nimeambiwa huvunjwa mara nyingi. Ukuta ukisukumwa, uso wa nyuma, ule ulio upande wa udongo, ndio unaovutika kutaka kupasuka. Nondo kubwa lazima ziwe upande huo. Fundi asiyejua huziweka mbele, upande unaoonekana, akidhani anaukaza pale utakapoangukia. Ukuta wake utapigwa picha ukiwa mpya, na mvua ya pili utavunjika shinani. Zege halionyi kama gabioni, na kosa lake liko ndani usiloliona.

Kwa kimo kikubwa zaidi, mita 10 na kuendelea, wajenzi wa barabara kuu hutumia udongo wenyewe kuwa ukuta. Mfaransa mwingine, Henri Vidal, ndiye aliyeieneza njia hiyo katika miaka ya 1960. Husimuliwa kwamba alikuwa pwani akicheza na mchanga, akaona kilima cha mchanga kikichanganywa na majani membamba ya msonobari husimama vizuri zaidi. Watoto wetu wanaocheza chini ya mivinje wanaweza kulijaribu hilo jioni hii. Katika kazi za kweli badala ya majani hulazwa tepe ndefu za chuma au nyavu ngumu za plastiki, tabaka kwa tabaka, udongo ukashindiliwa juu yake, na mbele zikapachikwa bamba za zege za kuzuia tu usoni. Si kazi ya uani kwa mtu, hata hivyo, kwani hutaka nafasi kubwa ya kuchimba nyuma.

Nisisahau kuta zisizokuwa na jiwe. Fanya juu ni jina la Kiswahili lililoingia katika vitabu vya Kiingereza vya kilimo bila kutafsiriwa, nalo lilivuma hasa kutoka Ukambani: mkulima huchimba mtaro kufuata usawa wa mteremko, udongo akautupa upande wa juu, akapanda majani kwenye tuta, na miaka ikipita mteremko hugeuka ngazi. Majani ya mabingobingo yanalisha ng'ombe na yanashika udongo kwa pamoja. Vetiva mizizi yake huzama mita 2 au 3 kwenda chini. Nyasi hazitashika mkato wa mita 4 ulio hatua sita na dirisha, lakini juu ya ukuta na kati ya kuta kazi yake haina mshindani.

Sasa turudi kwenye ubishi wa mpwa wangu. Yeye aliposhindwa na habari ya kitako alitaka zege la nondo, mita zile zile 4, ili asipoteze uwanja. Mzee fundi akamwambia kazi hiyo aiitie mhandisi aliyesoma na alipe anachodaiwa, yeye hataigusa. Nilimheshimu kwa neno hilo. Katika miji mingi ya Marekani sheria hudai mhandisi ukuta wa namna hii ukipita futi 4 tu, na huku kwetu watu huuchorea mita 4 kwa kijiti juu ya mchanga. Badala yake mzee akatoa shauri lake: kuta mbili za mita 2, moja chini na moja juu, na kati yake jukwaa la mita 4 la kupanda majani.

Rudini kwenye magunia muione hekima yake. Ukuta mmoja wa mita 4 unasukumwa na karibu tani 5. Ukuta wa mita 2 unasukumwa na tani 1 na robo. Kuta mbili pamoja hazifiki tani 2 na nusu, yaani nusu ya mzigo kwa kimo kile kile. Sharti lake ni kwamba ukuta wa juu urudi nyuma vya kutosha, kiasi cha mara mbili ya kimo cha ule wa chini, usije ukamkalia mwenziwe mabegani. Ukiusogeza karibu, basi umejenga ukuta mmoja wa mita 4 uliovaa kanzu mbili. Hasara ni uwanja. Hesabu ilipofanywa chumba kimoja cha kupangisha kilikuwa kimekwenda. Mpwa wangu alinyamaza siku nzima. Mkewe, ambaye ndiye anayewalaza watoto katika chumba kile, hakunyamaza, na shauri likapita.

Yote hayo, lakini, ni bure ikiwa maji hayana njia. Nyuma ya kila ukuta mzee alishusha kokoto, unene wa futi moja, kutoka chini mpaka karibu na juu, na kati ya kokoto na udongo kitambaa cha plastiki kinachopitisha maji na kuzuia tope. Chini akalaza bomba lenye vitobo. Usoni akaacha matundu, mdomo wake kama mdomo wa kikombe, safu mbili, kila baada ya mita 2. Juu ya ukuta wa juu akachimba mfereji wa kuyachukua maji ya jirani kabla hayajazama. Tundu bila kokoto nyuma yake huziba lenyewe kwa tope, na ukuta ukabaki na matundu ya urembo.

Katika mtaa mmoja wa Bomet nilionyeshwa mabaki ya ukuta ulioanguka nyuma ya nyumba za kupangisha. Ulijengwa vyema, mawe mazuri, kitako cha kutosha. Mwenye nyumba aliupaka chokaa nyeupe, kisha akaudhika na michirizi myekundu iliyokuwa ikitoka matunduni kila mvua, akamwita mtu akayaziba yote kwa simiti. Ukaanguka usiku juu ya jiko la mpangaji, mama muuza mboga, aliyekuwa ametoka kupeleka chakula ndani. Sufuria zake nilizikuta bado zimekunjamana chini ya mawe. Hakulipwa.

Hilo ni tundu la mdomo wa kikombe. Liko jingine kubwa, na anayetoka pwani kwenda Bomet kwa njia ya Narok hupita karibu na pahala pake, Mai Mahiu. Huko, upande wa Old Kijabe, tuta la reli ya zamani linakatiza bonde, na chini yake waliojenga waliacha njia ya maji. Katika mvua kubwa za mwaka 2024 njia hiyo iliziba kwa tope, mawe na miti. Maji yakajikusanya nyuma ya tuta, ambalo halikujengwa kuwa bwawa, na alfajiri ya tarehe 29 Aprili yakalipasua na kushuka juu ya kijiji cha Kamuchiri watu wakiwa vitandani. Walikufa zaidi ya watu 45. Magazeti ya kwanza yaliandika kwamba ni bwawa lililovunjika. Halikuwepo bwawa hapo. Palikuwa na tuta lililoegemewa na maji kwa kuwa tundu lake limeziba, na hakuna aliyepewa kazi ya kulizibua.

Na yako mambo ambayo ukuta hauyawezi hata uwe na matundu elfu. Novemba 2019, Pokot Magharibi, mlima wenyewe ulitoka mahali pake usiku wa mvua, ukachukua nyumba na zaidi ya roho 40. Udongo ukiteleza kwa kina kirefu, msingi wa ukuta nao uko juu ya huo unaoteleza, wakaondoka pamoja. Mzee fundi kabla ya kuanza kazi alipanda juu ya kiwanja akatafuta nyufa za mviringo katika ardhi na miti iliyoinama, akamwuliza jirani kama mlango wa nyumba yake umeanza kukwama. Angeziona dalili hizo, alisema, asingejenga, angewaambia wahame.

Kuta zile mbili zilikwisha kabla ya mvua za Machi. Nilikuwa bado huko iliponyesha ile ya kwanza kubwa, na kulipokucha mzee alikuja na fimbo ya chuma begani bila kuitwa. Mke wa mpwa wangu alikuwa akilalamika juu ya michirizi myekundu iliyouchafua ukuta mpya, na vyura wawili waliokwisha kuhamia tundu la pembeni. Mzee akaanza kuhesabu kwa kidole. Ukuta wa chini una matundu 14. Kumi na moja yalikuwa yakitoa maji, mengine kwa nguvu kama bomba la msikitini. Matatu, upande wa chumba cha watoto, yalikuwa makavu. Akavua koti, akapiga magoti kwenye tope, akaanza kuzibua.